Kurekebisha vichwa katika nyaraka za programu za terminali: kwa mkono, kwa sed, kwa Pandoc au kwenye chanzo?

Msomaji wa nyaraka za programu ya terminali mara nyingi haanzi juu akashuka hadi mwisho. Anakuja na swali moja, tuseme swichi ipi inanakili folda pamoja na vilivyomo. Anatafuta kichwa kinachomhusu, anachukua amri yake, anaondoka. Kwa asiyeona, vichwa vina uzito zaidi. Kwenye visoma-skrini vya NVDA na JAWS, ukiwa ndani ya ukurasa wa wavuti, herufi H inakupeleka kwenye kichwa kinachofuata, na tarakimu 1 hadi 6 zinakupeleka kwenye kichwa cha ngazi hiyo. Kichwa kilichoandikwa kwa herufi nzito tu, bila alama yake, kwa msomaji huyo hakipo kabisa.

Nyaraka nyingi zina maelezo mazuri ila vichwa vimekaa shaghalabaghala, na anayejitolea kuvinyoosha hushika zana yoyote iliyo karibu. Hapa naziweka njia nne sambamba, zote zikishughulikia faili lilelile. Msimamo wangu nautoa mapema: nyaraka zilizoandikwa na watu zirekebishwe kwa mkono, huku kikaguzi kama markdownlint kikikuongoza, zilizozalishwa na programu usiziguse, nenda kwenye chanzo. sed (zana ya kubadilisha maandishi mstari kwa mstari) na Pandoc (kigeuzi cha nyaraka kutoka umbo moja hadi jingine) zina nafasi zake, lakini ni nyembamba kuliko wengi wanavyodhani.

## Faili la kujaribia

Programu yetu ya mfano inaitwa `nakili`. Ukurasa wake umeandikwa kwa Markdown, mtindo ambamo alama ya reli (#) mwanzoni mwa mstari hufanya kichwa na idadi ya alama ndiyo ngazi yake. Uko hivi:

~~~
## nakili

#Matumizi

nakili [machaguo] chanzo lengo

#### Machaguo

-r  nakili folda na vilivyomo

**Mifano**

# nakili -r picha /mnt/diski

```sh
#!/bin/sh
# nakala ya kila usiku
nakili -r picha /mnt/diski
```
~~~

Kuna makosa matano. Ukurasa unaanzia ngazi ya pili. `#Matumizi` haina nafasi baada ya alama ya reli, na kwa kanuni za CommonMark, zinazosanifisha Markdown, hiyo ni aya ya kawaida, si kichwa. (GitHub ilihamia kanuni hizo mwaka 2017, na baadhi ya README za zamani zilizokuwa zikionekana vizuri zikaanza kuonyesha alama za reli zikiwa uchi.) Kutoka ngazi ya pili tunaruka hadi ya nne. "Mifano" ni herufi nzito tu.

Kosa la tano ni la kwetu sisi watu wa terminali. Kwa desturi ya Unix, alama ya dola mwanzoni mwa mstari humaanisha amri inaendeshwa na mtumiaji wa kawaida, na alama ya reli humaanisha inaendeshwa na root, mtumiaji mwenye mamlaka yote. Mwandishi alifuata desturi hiyo lakini akasahau kuizungushia amri bektiki tatu (```), zinazoashiria msimbo. Markdown ikaisoma alama ya reli kwa maana yake: amri nzima imekuwa kichwa cha ngazi ya kwanza, kikubwa kuliko jina la programu yenyewe, na alama ikatoweka machoni. Msomaji hawezi tena kujua kwamba amri ile ilihitaji root. Hapo kosa la mpangilio limebadilisha maelekezo yenyewe.

Tazama pia kipande cha msimbo cha mwisho. Ndani yake mistari miwili inaanza na alama ya reli, na yote miwili haipaswi kuguswa.

## Kwa mkono, markdownlint ikiwa pembeni

markdownlint, iliyoanzishwa na David Anson, huipa kila aina ya kosa namba yake. Ukilipitisha faili letu, litapata MD041 kwa sababu mstari wa kwanza si kichwa cha ngazi ya kwanza, MD018 kwa `#Matumizi`, MD001 kwa kuruka ngazi, na MD036 kwa herufi nzito iliyojifanya kichwa.

Na ile amri iliyogeuka kichwa? Kimya. Kanuni ambayo ingeweza kuigusa ni MD025, inayokataa ukurasa wenye vichwa viwili vya ngazi ya kwanza, lakini hiyo huamka pale tu ukurasa unapofunguliwa na kichwa cha ngazi hiyo. Wetu unafunguliwa na cha pili, kwa hiyo kosa moja limelificha jingine. Badilisha `## nakili` iwe `# nakili`, endesha kikaguzi tena, na MD025 itajitokeza. Ndiyo maana ninasisitiza: usiendeshe kikaguzi mara moja ukaridhika. Rekebisha, endesha, rekebisha, mpaka kinyamaze, kisha usome vichwa vyote kwa macho yako. Kikaguzi hakitakuambia kamwe "hii ni amri". Kitakuambia vichwa ni viwili, na wewe ndiye utakayejua sababu.

Swichi ya `--fix` inavutia, na kwa makosa ya nafasi inafaa sana. Lakini iangalie inavyofanya hapa: `#Matumizi` inageuka `# Matumizi`. Nafasi imepatikana, na papo hapo tumepata kichwa kipya cha ngazi ya kwanza ambacho hakuna aliyekikusudia. Kompyuta haina njia ya kujua kwamba mwandishi alitaka ngazi ya pili. Kwa sababu hiyohiyo MD001 haina marekebisho ya kiotomatiki: kati ya `##` na `####`, je, kosa ni ngazi iliyoshushwa mno, au ni kichwa cha katikati kilichosahaulika? Jibu liko kwenye maana ya maneno.

Mtego mwingine ni nukta mbili. `**Mifano**` inakamatwa na MD036, ila `**Mifano:**` inapita bila neno, kwa kuwa kanuni hiyo huyaacha maandishi yanayoishia na alama za uandishi. Na waandishi wengi hupenda kuweka nukta mbili hapo. Tafuta mwenyewe kwa grep (amri ya kutafuta maandishi) mistari inayoanza na kuishia na nyota mbili.

Ikiwa muda ni mchache, anza na vichwa bandia vya herufi nzito kabla ya ngazi zilizorukwa. Katika WCAG, mwongozo wa ufikivu wa wavuti, kigezo 1.3.1, ambacho ni cha daraja A, kinataka kile kinachoonekana kuwa kichwa kitambulike pia na programu kuwa kichwa. Kuruka kutoka ngazi ya pili hadi ya nne kunachosha, lakini peke yake hakuhesabiwi kuvunja kigezo hicho. Kichwa kilichorukwa ngazi bado unakifikia kwa herufi H. Cha herufi nzito hukifikii.

Baada ya kazi ya mkono, sehemu ya mwisho ya ukurasa wetu inasomeka hivi:

~~~
## Mifano

Amri hii iendeshwe na root:

```
nakili -r picha /mnt/diski
```
~~~

Nimeiondoa alama ya reli na kuyaweka maneno mahali pake. Hata ndani ya kipande cha msimbo, anayenakili mstari wenye `#` na kuubandika kwenye terminali anabandika maoni, na ganda la Bash halitafanya lolote.

Udhaifu wa njia hii ni muda. Kurasa kumi zinamalizika kwa utulivu. Mamia ya kurasa zinataka watu kadhaa wanaokubaliana mapema ngazi ipi ni ya nini.

## sed

Hii ndiyo ya kwanza mikononi mwa wengi, maana amri ni fupi. Unataka kushusha vichwa vyote ngazi moja:

```
sed -i 's/^#/##/' *.md
```

Vichwa vinashuka kweli. Lakini `#!/bin/sh` ndani ya mfano wetu inakuwa `##!/bin/sh`, na atakayenakili skripti ile atakuwa na mstari wa kwanza usiotambulika. Kama nyaraka zina mifano ya C, `#include` inakuwa `##include` na mfano haukompailiki tena. Maoni ya kawaida ya ganda hayaharibiki kiutendaji, ila yamechafuliwa bila sababu, na orodha ya mabadiliko imejaa mistari ambayo mpitiaji atalazimika kuisoma yote.

Unaweza kuiambia sed iviruke vipande vya msimbo:

```
sed '/^```/,/^```/!s/^#/##/' nakili.md
```

Hii inafanya kazi pale ambapo kila kipande kimefungwa kwa bektiki tatu zilizoanza mwanzoni kabisa mwa mstari. Vipande vilivyofungwa kwa tilde, vilivyosogezwa ndani ya orodha, au ambavyo havikufungwa, vinaipita. CommonMark pia inaruhusu hadi nafasi tatu kabla ya alama ya reli ya kichwa, na vichwa vya namna hiyo sed haitaviona. Kwenye faili letu ingeishusha pia ile amri ya root hadi ngazi ya pili, ikae imejificha vizuri zaidi kuliko mwanzo.

Kwa reStructuredText, lugha nyingine ya kuandikia nyaraka ambamo kichwa hupigiwa mstari wa alama chini yake, usijaribu kabisa. Huko alama haina ngazi yake ya kudumu: mstari wa chini unaoonekana kwanza kwenye faili ndio ngazi ya juu, unaofuata ni ya pili, na kuendelea. Ukibadilisha alama za kichwa kimoja unaweza kuhamisha maana ya vyote vilivyo chini yake.

Ningeitumia sed katika hali moja: mradi ambao kurasa zake zote zina umbo moja, hazina mifano ya msimbo yenye alama ya reli, na kosa ni lilelile kila mahali.

## Pandoc

Pandoc ya John MacFarlane inausoma ukurasa kwa muundo wake, haitafuti herufi tu. Inajua kichwa ni kipi na msimbo ni upi, kwa hiyo `#!/bin/sh` iko salama. Swichi yake ni `--shift-heading-level-by`, na inakubali pia namba hasi:

```
pandoc -f gfm -t gfm --shift-heading-level-by=-1 nakili.md
```

`## nakili` inapanda kuwa ngazi ya kwanza, `#### Machaguo` inakuwa ya tatu. Pengo kati yake limebaki vilevile, maana vyote vimesogea kwa hatua moja. Ile amri ya root, iliyokuwa ngazi ya kwanza, haina pa kupanda. Pandoc inaigeuza aya ya kawaida. Inaonekana kama imepona, kumbe imekuwa aya isiyo na alama ya root wala umbo la msimbo. `#Matumizi` inatoka na mkwaju wa nyuma mbele yake, kwa kuwa Pandoc inalinda maandishi yasije yakasomwa kama kichwa. Mabano ya `[machaguo]` nayo yanawekewa mikwaju. Mistari mirefu inavunjwa upya usipoongeza `--wrap=preserve`, na majedwali yanapangwa upya.

Hapo ndipo penye tatizo langu na Pandoc kwa kazi hii: ulitaka kubadilisha vichwa vitano, na historia ya faili inaonyesha ukurasa mzima umeandikwa upya. Mpitiaji hataona kilichobadilika. `git blame` itataja jina lako kwa mistari ambayo hukuiandika.

Jihadhari pia na kurasa zinazofunguliwa na `# Jina`. Ukizisogeza kwa -1, kichwa hicho cha kwanza kinageuka kuwa jina la waraka kwenye taarifa zake za ndani, na bila `-s` (swichi ya kutoa waraka kamili) hakichapishwi kabisa. Tabia hiyohiyo, inayoudhi hapa, itatufaa sana hapo chini tukifika kwenye kurasa za man, yaani mwongozo unaofunguliwa kwa amri ya `man`.

Wanaoandika kwa AsciiDoc, lugha nyingine ya kuandikia nyaraka, kama nyaraka za Git zinavyoandikwa, hawahitaji hata kusogeza. Wanapoingiza faili moja ndani ya jingine wanaweka `leveloffset=+1` kwenye mstari wa kuingiza, na chanzo kinabaki kilivyo. Asciidoctor, zana inayoisoma lugha hiyo, pia yenyewe hutoa onyo ngazi ikirukwa.

## Kwenye chanzo

Programu nyingi za terminali zilizoandikwa kwa Go zinatumia maktaba ya Cobra, zikiwemo kubectl, Hugo na zana ya GitHub iitwayo gh. Cobra inaweza kuzalisha kurasa za Markdown kutokana na maelezo yaliyo ndani ya msimbo, ukurasa mmoja kwa kila amri. Kurasa hizo zinaanzia ngazi ya pili: `## nakili rudisha`, kisha `### Synopsis`, `### Options` na `### SEE ALSO`.

Je, hilo ni kosa? Inategemea ukurasa unaonyeshwa wapi. Tovuti iliyojengwa kwa Hugo kwa kawaida huchukua jina la ukurasa kutoka taarifa za YAML zilizo juu ya faili na kulichapisha lenyewe kama kichwa cha ngazi ya kwanza. Kuanzia ngazi ya pili hapo ni sawa kabisa. Ukurasa uleule ukifunguliwa moja kwa moja kwenye hazina ya msimbo unakosa kichwa chake kikuu.

Anayezirekebisha kurasa hizo kwa mkono, au kwa sed, anafanya kazi itakayofutwa mara tu zitakapozalishwa tena. Dawa iko kwenye `GenMarkdownTreeCustom`, ambayo inapokea kazi ndogo ya kuongeza maandishi mwanzoni mwa kila faili. Weka hapo taarifa za YAML zenye `title`. Kwa mpangilio wake wa kawaida, markdownlint inaihesabu `title` hiyo kuwa kichwa cha ngazi ya kwanza, hivyo MD041 nayo inanyamaza bila kuzimwa. Badiliko moja, kurasa zote.

Kuna jambo jingine la chanzo ambalo ni rahisi kulisahau. Maelezo marefu ya amri, yale ya uga wa `Long`, yanatumika sehemu mbili: kwenye ukurasa wa wavuti na kwenye `nakili --help`. Msanidi akiandika `## Mifano` ndani yake ili wavuti ipendeze, mtumiaji wa terminali anaoneshwa alama za reli mbichi. Tena kichwa hicho kinaingia chini ya `### Synopsis` kikiwa juu yake kwa ngazi. Mifano ina uga wake, `Example`. Ihamishie huko, na kila upande utaipanga unavyojua.

## Ukurasa wa man una ngazi mbili tu

Kama nyaraka zako zinaishia pia kwenye `man`, uamuzi unabadilika, maana man ina `.SH` (kichwa kikuu) na `.SS` (kichwa kidogo), basi. Mpangilio wa NAME, SYNOPSIS, DESCRIPTION ulikuwepo tangu mwongozo wa kwanza wa Unix wa Novemba 1971. Pandoc ikizalisha man, ngazi ya kwanza inakuwa `.SH` na zote zilizo chini yake zinabanwa kuwa `.SS`. Ngazi ya nne uliyoihangaikia haitaonekana popote. scdoc, lugha ndogo ya kuandikia kurasa za man, imelimaliza suala hili kwa kuwa na `#` na `##` peke yake, na kwa programu yenye ukurasa mmoja wa man ningeichagua bila kusita.

Kichwa cha NAME pia ni zaidi ya mapambo. Mstari ulio chini yake ndio unaosomwa na `whatis` na `apropos`. Ukikipa kichwa hicho jina jingine la kujitungia, ukurasa utafunguka vizuri lakini hautapatikana kwa kutafutwa. Kwenye Linux yenye man-db, `lexgrog` inakuambia kama mstari huo unasomeka; `mandoc -T lint` nayo inakagua ukurasa mzima.

Mvutano unakuja unapotaka chanzo kimoja cha Markdown kwa wavuti na man. Wavuti inataka kichwa kimoja cha ngazi ya kwanza. Pandoc inataka NAME, SYNOPSIS na wenzake wote wawe ngazi ya kwanza. Usikigeuze chanzo. Kiache na `# nakili` juu na `## NAME` chini yake, kisha wakati wa kujenga:

```
pandoc -s -f gfm -t man --shift-heading-level-by=-1 nakili.md -o nakili.1
```

Kichwa kikuu kinakuwa jina la waraka, ngazi ya pili inakuwa `.SH`. Hapa Pandoc iko mahali pake, kwa sababu kinachoandikwa upya ni faili la matokeo ambalo hakuna atakayelipitia mstari kwa mstari.

## Viungo vinavyohama

Njia yoyote utakayochagua, tenganisha mambo mawili: kubadilisha ngazi na kubadilisha orodha ya vichwa. GitHub hutengeneza kiungo cha kila kichwa kutokana na maneno yake. `#### Machaguo` ikiwa `## Machaguo`, kiungo `#machaguo` kinabaki kilekile. Ngazi unaweza kuzisogeza bila hofu.

Kichwa kipya ni habari nyingine. Vichwa vikifanana maneno, cha kwanza kinapata `#mifano`, cha pili `#mifano-1`. Sasa chukua ukurasa mrefu ambao tayari una `## Mifano` chini, na juu yake kuna `**Mifano**` ya herufi nzito. Ukiipandisha ile ya juu kuwa kichwa, inanyakua `#mifano`, na ile ya zamani inasukumwa hadi `#mifano-1`. Viungo vya watu havivunjiki. Vinawapeleka mahali pasipo penyewe, na kikaguzi cha viungo hakitaona kasoro yoyote. Hivyo unapopandisha kichwa, kipe jina la kukitofautisha, kwa mfano "Mifano ya kurudisha", au kiwekee cha zamani kitambulisho cha kudumu: `[[...]]` kwa AsciiDoc, `.. _jina:` kwa reStructuredText, na `<a id="...">` kwa Markdown ya GitHub.

Kwa hiyo ninagawa kazi katika komiti mbili, yaani mafungu mawili ya mabadiliko yanayohifadhiwa kwenye Git. Ya kwanza ni ngazi tu. Ya pili inabeba vichwa vipya vyote, yaani herufi nzito zilizopandishwa, `#Matumizi` iliyopata nafasi yake, na amri zilizorudishwa ndani ya msimbo, pamoja na viungo vilivyosahihishwa baada ya kuvitafuta kwa `git grep '#mifano'`. Komiti ya kwanza mpitiaji anaweza kuithibitisha kwa kulinganisha toleo la zamani na jipya baada ya kuondoa alama za reli pande zote mbili:

```
diff <(sed 's/^#* *//' zamani.md) <(sed 's/^#* *//' mpya.md)
```

Isipotoa chochote, hakuna neno lililoguswa. Kinachobaki ni kupitia vipande vya msimbo kwa macho, maana jaribio hili linaondoa alama za reli za humo pia.